Mti Hauna Ugomvi na Ploti Yako

Fundi aliyekuja kunipangia mawe ya kabro pale Ruiru alianza kazi kwa kuvuta kamba kutoka lango hadi ukuta wa nyuma. Kamba ikapita juu ya mche wa bauhinia uliokuwa umefika magotini. Akanigeukia. "Mama, huu tuung'oe?" Nikamwambia auache, kabro izunguke. Akachuchumaa, akaushika mche kwa vidole viwili, akasema kwa upole: "Ploti ni hamsini kwa mia, mama. Mti na nyumba havitatoshana hapa. Mizizi itapasua msingi, majani yatajaza gata, na siku moja utanipigia simu nije nibomoe kazi yangu mwenyewe."

Hakuwa na nia mbaya. Alisema yale ambayo nimeyasikia kwa mawakala wa ardhi, kwa wenye nyumba za kupangisha, kwa majirani wa pande zote mbili, hata kwa watu wa kanisani wanaonitakia mema. Kutoka Githurai hadi Makongeni, kutoka Membley hadi Ngoingwa, imani ni moja: mti ni wa shamba, ni wa shule, ni wa msitu. Mwenye kipande cha mjini atosheke na maua ya mkebe. Nimeishi na imani hiyo kwa miaka mingi, na nasema wazi kwamba si kweli. Ploti ya 50 kwa 100 ina nafasi ya mti, mradi mwenyewe akae chini auchague.

Tupige hesabu kwanza, maana wanaopinga mti hawaipigi. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, karibu mita za mraba 465. Jenga nyumba ya vyumba vitatu juu ya mita 150, laza magari mawili, weka tangi la maji na shimo la maji taka, na bado utabaki na zaidi ya mita 200. Mti mdogo ambao mwavuli wake una upana wa mita tatu hufunika mita za mraba saba tu. Gari moja dogo linataka zaidi ya hizo. Hata ploti ya 40 kwa 80, ambayo siku hizi huuzwa sana, ina karibu mita za mraba 300. Anayesema nafasi haipo hajashika futi kamba mkononi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba imani hii imeshika hapa Ruiru penyewe. Hapa ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa. Mwaka 1968 ugonjwa wa chulebuni uliiandama kahawa ya Kenya, mvua ikinyesha na buni zikioza zikiwa bado mbichi mtini. Watafiti wakafanya kazi kwa miaka, na mwaka 1985 wakatoa mkahawa mpya wakaupa jina la mji: Ruiru 11. Sifa yake inayotajwa kwanza ni kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Sifa ya pili hutajwa kwa haraka, nami ningependa tuitaje polepole: ni mti mfupi, uliojikusanya. Mkahawa wa zamani kama SL28 hupandwa miti 1,330 hivi kwa hekta. Ruiru 11 hupandwa miti 2,500. Ardhi ni ile ile, miti inakaribia mara mbili. Watu waliokuwa wakifanya kazi si mbali na lango langu walikabiliwa na swali letu hili hili, kwamba ardhi ni haba na mti unatakiwa. Hawakujibu kwa kuondoa mti. Walitafuta mti unaolingana na nafasi, wakaupata.

Mitaa yetu mingi ilikuwa kahawa kabla haijawa ploti. Mimi mwenyewe nimelelewa katika kahawa, nikiijua kama kazi ya kuamka alfajiri na malipo ya kusubiriwa. Sikuwahi kuitazama kama ua. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda mkahawa mmoja kando ya dirisha la jikoni, na mwaka wa tatu, baada ya kiangazi cha Januari na Februari, mvua ikapiga siku moja. Siku kumi hivi baadaye nilifungua dirisha asubuhi nikadhani jirani amemwaga marashi. Kila tawi lilikuwa jeupe toka shinani hadi ncha, maua yamejipanga katika vifundo, harufu ikifanana na ya asmini. Ilidumu siku mbili, ya tatu yakawa rangi ya chai, yakaanguka. Kisha buni za kijani, kisha nyekundu, na majani yanang'aa mwaka mzima. Mti wenyewe hauzidi kimo changu kwa sababu naukata kichwa. Tumeishi na mti wa urembo mikononi kwa zaidi ya karne moja tukidhani ni deni la sosaiti ya kahawa tu.

Sasa tuje kwenye mizizi, maana hapo ndipo hofu ilipo. Mizizi haina nyundo. Sehemu kubwa yake hukaa katika tabaka la juu la udongo, ndani ya mita moja hivi, ikitafuta maji na hewa. Bomba la maji taka lililofungwa vizuri hailipasui. Huingia panapovuja, kwenye kiungo ambacho fundi alikipaka saruji nyembamba akaharakisha kwenda kazi nyingine, na ikishaingia hunenepa na kuziba. Ukikuta mzizi ndani ya bomba, mara nyingi ujue bomba lilikuwa linavuja kabla ya mzizi kufika. Ukuta nao mzizi mnene unaweza kuuinua, hilo ni kweli, nami silikatai. Lakini mzizi mnene ni wa mti mkubwa.

Na miti iliyotupa hofu hii ni mikubwa kwelikweli. Mugumo ni mti wa heshima, na heshima yake inataka eka. Mukima, ule wa grevilea ulioletwa kutoka Australia kutia kivuli kwenye chai na kahawa, hupita mita 20. Jakaranda hutandaza matawi upana wa nyumba nzima. Mkaratusi hunywa maji ya ploti tatu. Kuna hata wanaopanda Nandi Flame kwa kuupenda mji, kwa kuwa Elspeth Huxley aliitangazia dunia jina la Thika mwaka 1959 kwa kitabu chake The Flame Trees of Thika. Ni mti mzuri ajabu ukiuona kando ya barabara kuu, maua mekundu juu ya kijani kilichokolea. Ukiupanda mita mbili kutoka ukutani umejitafutia balaa, maana hufika mita 20 na matawi yake hukatika upesi kwenye upepo. Watu walipanda miti hiyo kwa sababu ndiyo miche iliyokuwa ikigawiwa bure au kuuzwa shilingi chache. Ukuta ulipoinama wakaapa kwamba mti haufai nyumbani. Ni kama mtu aliyenunua kiatu kikambana, akaamua watu wote watembee peku.

Kuna shahidi mwingine ambaye hatumwiti kamwe, naye ni udongo. Ukitoka Thika kuelekea juu, upande wa Gatanga, udongo ni mwekundu, unashika vizuri. Ukishuka upande wa Juja Farm au wa Kilimambogo, unaingia kwenye udongo mweusi, ule mafundi wanaouita blakkotoni. Udongo huo ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa na kufunguka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuchimba hadi chini kwenye mwamba au murramu hupanda na kushuka kila mwaka kama mtu anayepumua.

Rafiki yangu anayeishi upande huo alikuwa na jakaranda karibu na ukuta wa magharibi. Ufa ukatokea dirishani. Kila aliyekuja kuutazama alinyosha kidole kwenye mti. Akaukata, akalipa pia watu wa kung'oa kisiki. Agosti iliyofuata ufa ukafunguka tena, ukapokea sarafu ya shilingi kumi. Mei, mvua ilipokuwa imeshiba ardhini, sarafu ile ile haikuingia. Ndipo tulipozunguka nyumba tukatazama ukuta wa mashariki, ambako hapajawahi kuwa na mti hata mmoja, na tukaukuta una ufa wake, umepakwa rangi mara mbili. Sisemi jakaranda ilikuwa haina hatia. Mti mkubwa kwenye udongo wa aina hiyo huufyonza maji na kuzidisha kusinyaa. Waingereza walijifunza hayo katika ukame wa 1976, nyumba nyingi zilizokaa juu ya udongo wa mfinyanzi zilipopasuka na miti mikubwa iliyokuwa karibu ikachangia. Lakini aliyepasua nyumba ya rafiki yangu ni msingi mfupi uliowekwa juu ya udongo unaocheza. Mti ulibeba lawama kwa sababu unaonekana, na msingi umefukiwa.

Majani kwenye gata? Mti wa mita tatu na nusu uliopandwa mita tatu kutoka nyumbani hauwezi kufikisha majani kwenye paa la ghorofa moja isipokuwa upepo umeyabeba, na upepo huleta ya jirani vilevile. Na nyoka, mbu na wezi wanaotajwa? Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na mawe yaliyorundikwa nyuma ya nyumba. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, kwenye tairi kuukuu na makopo. Mwizi hapandi tawi lisilobeba paka. Haya ni ya kujibiwa kwa sentensi moja moja, na nimeyajibu.

Wako wapinzani wa aina nyingine, na hawa nawaheshimu zaidi kwa sababu wanapenda miti. Wao husema: kama ni lazima kupanda, panda mparachichi, upate chakula, mti wa urembo ni anasa ya matajiri. Nimezaliwa katika watu wanaouliza kila kitu kinaleta nini mezani, na swali hilo limetulisha. Lakini mparachichi wa kienyeji ukiachiwa hupita mita 10, hutupa tunda la nusu kilo juu ya mabati saa nane za usiku, na kivuli chake hakiachi hata sukuma wiki kuota. Kwenye ploti ndogo mti huo unakuwa bwana na wewe mpangaji. Tena, nani alisema urembo hauna kazi? Nenda Lamu, mji uliotiwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, utazame nyumba za mawe zilizobanana hadi punda wawili hawapishani vichochoroni. Ndani mna kiwanda, ua mdogo ulio wazi juu, na humo mna asmini na mrihani. Wale waliojenga kwa kubanana kuliko sisi hawakukubali kuishi bila kitu cha kijani na chenye harufu. Waliona kwamba mtu anahitaji mahali pa kupumzisha macho ndani ya boma lake. Hilo ni hitaji, kama vile kiti ni hitaji.

Wenye nyumba za kupangisha huniambia kila futi ni pesa. Naelewa. Ardhi ya Ruiru si ya mchezo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 490,000 katika mji huu, wakaufanya kuwa wa nne kwa ukubwa nchini, na wote wanataka pa kulala. Ila mita moja ya mraba haijengi chumba. Mita hiyo ipo tayari kwenye kila kiwanja, kwenye kona ambako mabaki ya mchanga hutupwa, na kabro ikishalazwa juu yake hailipi kodi. Ukiacha wazi hiyo, hupotezi mpangaji. Huenda ukampata anayekaa, kwa sababu saa tisa alasiri, kabro ikiwa imechomwa na jua tangu asubuhi, mama mwenye mtoto mdogo hutafuta kivuli, na kwenye nyumba nyingi hapa kivuli pekee ni cha tangi la maji.

Na kabro ina gharama ambayo hakuna anayeiandika kwenye risiti. Mvua ya milimita 20, ambayo si kubwa kwa Aprili, ikinyesha juu ya ploti ya 50 kwa 100 iliyofunikwa yote kwa paa na saruji, huzalisha zaidi ya lita 9,000 za maji. Zidisha kwa mtaa mzima. Mafuriko ya masika ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na sisi tulio kando ya barabara ya Thika tunajua maji yalipita wapi. Siwadanganyi kwamba mti mmoja mfupi utakunywa lita 9,000. Lakini udongo ulioachwa wazi chini yake hupokea sehemu yake, na majani huvunja nguvu ya tone kabla halijafika chini. Sasa hivi maji hayo yote tunayasukuma barabarani, barabara inayasukuma mtoni, halafu mto Chania unapopita pale kwenye maporomoko ya Blue Posts ukiwa mwekundu kama chai tunashangaa.

Novemba 13, 2023 serikali ilitoa siku ya mapumziko ili nchi ipande miti, katika mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mtaani kwetu watu waliamka mapema, wakavaa mabuti, wakaenda kupanda mashuleni na kando ya mito. Ilikuwa siku njema. Jioni walirudi kwenye viwanja visivyo na jani. Hakuna aliyewaambia kwamba lango lao nalo lipo katika nchi.

Basi mti gani? Kama ni mimi unaniuliza, bauhinia ya maua ya njano, ambayo ni mwenyeji wa Afrika Mashariki na haihitaji kubembelezwa. Hufika mita tatu au nne. Jani lake limepasuka katikati kama kwato. Ua linaning'inia kichwa chini kama kengele, njano ya limau, na ukilifunua kwa kidole utakuta ndani doa la rangi ya damu ya mzee. Chozi huja asubuhi, anaingiza mdomo, anaondoka. Ganda likikauka hupasuka kwa mlio mdogo na kurusha mbegu, na watoto wa jirani hulisubiri.

Ukitaka usiopenda maji mengi, chukua tawi la franjipani, liache kivulini wiki nzima utomvu ukauke, kisha lichomeke ardhini. Mizizi yake ni ya adabu, na hata kwenye chungu kikubwa unaishi. Mkomamanga unafaa ukiwa na ukuta unaopata jua, nao hutoa ua jekundu na tunda pia, kwa hiyo yule wa parachichi ananyamaza. Dombeya, jamaa ya mukeu wa milimani, ina aina fupi zenye vishada vyeupe na vya waridi. Na mkahawa nimeshausemea. Miti ya misaiprasi inayopangwa mistari langoni siihesabu. Ile ni nguzo za kijani, huwezi kuketi chini yake. Na kama una watoto wadogo, yule muuza miche akikusifia ua la njano la theveshia, mshukuru upite, maana mbegu zake ni sumu.

Vitalu viko kando ya barabara, upande wa Garissa na kwingineko. Usinunue mche mrefu kuliko wote. Ukitoa mfuko na kukuta mizizi imejizungusha chini kama waya, urudishe, mche huo umekaa kitaluni miaka. Chimba shimo la futi mbili kwa mbili. Tenga udongo wa juu, uchanganye na samadi iliyooza vizuri, kwa sababu mbichi huunguza. Kaa mita tatu kutoka ukutani na mbali na shimo la maji taka. Kwenye udongo mweusi ongeza umbali, na uinue kitanda kidogo ili maji yasituame shinani. Mwaka wa kwanza umwagilie kiangazi chote, ndoo moja mara mbili kwa wiki. Mwaka wa pili chagua shina moja, ukate mengine. Baada ya hapo mkasi mara moja kwa mwaka, maua yakiisha, unatosha kuuweka mti kwenye kimo unachotaka. Kazi yenyewe ni hiyo. Anayepaka ukuta rangi kila Desemba anafanya kubwa zaidi.

Bauhinia yangu sasa imepita paa la lango. Kabro inaizunguka kwa mraba wa mita moja, na hakuna jiwe hata moja lililoinuka. Fundi yule alikuja mwaka jana kwa kazi ya jirani. Alikula chakula chake cha mchana chini yake, mgongo kwenye shina, na alipomaliza akanyanyuka akakagua kabro yake jiwe kwa jiwe. Hakusema kitu kuhusu mizizi. Aliomba mbegu.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayejenga mwaka huu, Kimbo au Kiganjo, Juja au Landless: kabla kamba ya kabro haijavutwa, mwambie fundi aache mraba mmoja wazi, mita kwa mita, mbali na ukuta. Mvua za vuli huanza Oktoba. Shimo lichimbwe Septemba.